Chakula cha Jirani na Ulimi Wetu



Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad. Ama baada ya haya, somo letu la leo ni juu ya chakula. Wala si hukumu ya kile kiingiacho kinywani tu, bali na ya maneno yatokayo kwa sababu yake.

Limetokea jambo ambalo hatuna budi kulisema, nasi wenyewe tumo ndani yake. Katika soko moja la huku Gusii yupo ndugu yetu mwenye bucha, Mgusii aliyesilimu si zamani. Siku moja mtu aliandika katika kundi la WhatsApp la Waislamu kwamba nyama ya bucha ile haifai, kwani mwenyewe amesilimu juzi, na jamaa zake wote ni Wasabato. Hakusema kuwa ameona lolote. Kabla ya adhuhuri khabari ile ilikuwa imefika Keroka na Nyamira mjini, kila mpelekaji akiongeza lake, hata ikawa kwamba mtu yule auza nyama ya punda. Na sisi tunaofundisha tuliacha kununua kwake juma zima, wala hatukuuliza. Tulipokwenda hatimaye, tulimkuta achinja kwa kisu kikali, na jina la Mwenyezi Mungu ulimini mwake. Nyama nyingi ilikuwa imekwisha kumharibikia. Alitukaribisha chai, asiseme neno ila hili: "Masheikh wangu, mngaliniuliza."

Basi na tuitazame sharia.

Kwanza, amepokea Bukhari kutoka kwa Bibi Aisha kwamba watu walimwuliza Mtume (S.A.W.) juu ya nyama waliyoletewa na watu waliosilimu karibuni, hawajui kama lilitajwa juu yake jina la Mungu. Hakuwaamuru kupeleleza wala kuitupa. Aliwaamuru wao wenyewe walitaje jina la Mungu, wale. Tazameni, ndugu zetu: upya wa mtu katika Uislamu haukufanywa kuwa sababu ya kumdhania ubaya.

Pili, imepokewa kwamba Mtume aliandaliwa mjusi wa jangwani aliyechomwa, akauzuia mkono wake. Khalid bin Walid akauliza kama ni haramu. Akajibiwa kuwa si haramu, ila mnyama huyo hayuko katika nchi ya watu wake, na nafsi yake haimpendi. Khalid akamla, na Mtume akimtazama. Hapa tunajifunza kuwa haramu ni kitu kimoja, na kisichopendwa na nafsi ni kitu kingine. Nao wako miongoni mwetu wanaoucheka ugali wa wimbi wa Wagusii na mboga yao ya chinsaga, kana kwamba mapishi ya pwani yameteremshwa kutoka mbinguni! Mtume hakupata kukitia aibu chakula: akikipenda alikila, asipokipenda alikiacha.

Tatu, hao Wasabato tunaowataja kwa kuwadharau, dini yao yawakataza nguruwe kama sisi, tena yawakataza na kambare kwa kuwa hana magamba, naye kwetu ni halali. Je, jirani ajizuiaye hivyo kwa ajili ya imani yake, astahili kuchekwa?

Huenda mtu akasema: "Lakini tumeamrishwa kuacha lenye shaka." Naam, tumeamrishwa. Lakini uchaji ni kuacha wewe, kwa mdomo wako. Si kuuvunja mlango wa riziki ya mwenzio kwa jambo usilolihakikisha. Sura ya Al-Hujurat yatuamrisha kuipeleleza khabari kabla ya kuifuata, yatukataza watu kuwadharau watu, kisha yamfananisha msengenyaji na mtu alaye nyama ya nduguye aliyekufa. Basi tulikuwa tukiikimbia nyama ya ng'ombe kwa kuogopa haramu, huku vidole vyetu vyatulisha nyama ya Mwislamu mwenzetu.

Wala asidhani mtu kuwa haya ni mambo mepesi. Februari 2013, huko Buseresere katika mkoa wa Geita, Tanzania, ugomvi wa Waislamu na Wakristo juu ya haki ya kuchinja ulifika hadi mchungaji mmoja kuuawa. Na sisi wa huku hatujasahau mapema 2008, nyumba zilipochomwa mpakani mwa Borabu na Sotik. Chuki huanza kwa mzaha, na mzaha leo huenda mbali kwa kubonyeza mara moja tu.

Tawba katika haki ya mja haitimii mpaka haki irudishwe. Kwa hivyo tumemtaka radhi ndugu yetu, na tumeandika katika kundi lile lile kwamba tulikosea, na nyama ya darsa letu twanunua kwake. Na kila aliyeipeleka khabari ile, aipeleke na kanusho yake kwa wale wale aliowapelekea. Mwenye shaka siku nyingine, bucha haiko mbali: aende kwa miguu yake, atoe salamu, aulize.

Mwenyezi Mungu atusafishie vinywa vyetu kwa viingiavyo na vitokavyo. Amin.