Tamasha la Maji Mwanakwerekwe: Liandaliwe Kabla ya Masika

Mwanakwerekwe, Unguja, si pa mto kama Mwera. Ni bondeni, na maji ya mitaa ya jirani hushukia hapo. Masika yakikaza, barabara huwa ziwa, na wenye nyumba za chini hupandisha magodoro juu ya meza. Mitaro mikubwa iliyojengwa na ZUSP, mradi wa huduma za miji Zanzibar, kwa fedha za Benki ya Dunia, iliwekwa ili maji ya mvua yatoke mitaa ya mabondeni hadi baharini. Lakini mtaro uliojaa makumbi ya madafu na chupa za plastiki haupitishi kitu. Kwa hiyo vijana wanaotaka kuandaa tamasha la sanaa na mazingira wana pa kuanzia: mtaro wao wenyewe.

Tarehe ndiyo kazi ya kwanza, na wengi huikosea. Mvua za masika huanza Machi, na Ramadhani ya 2027 inatarajiwa kuingia mapema Februari. Mkisubiri Februari mtakuta watu wamefunga, na mkingoja mfungo uishe mtakuta mvua zimeanza kujaza mitaro. Nafasi nzuri ni wikiendi baada ya sherehe za Mapinduzi za Januari 12: jua ni kali, mtaro ni mkavu, na taka zinafikika kwa reki.

Anzieni kwa sheha, na msiende kwake na barua ambayo kila kitu kimekwisha kupangwa ndani yake. Yeye ndiye anayejua mtaa upi unafurika na nani akizungumza watu husikiliza. Kutoka hapo mwende Baraza la Manispaa Magharibi B kwa ajili ya eneo na gari la taka, na BASSFU, baraza la sanaa la Zanzibar, mkiwa na ngoma au maonyesho ya jukwaani. Mkitaka kufunga barabara, polisi waarifiwe mapema. Makaburi yapo hapo hapo Mwanakwerekwe, basi jukwaa liwe mbali nayo, na vipaza sauti vizimwe kila ikisomwa adhana.

Sanaa yenyewe msiitafute mbali. Kidumbak, ngoma ya watu wa Ng'ambo, tangu zamani imetengeneza muziki kwa vitu vilivyokwisha kazi yake. Sanduku lake, linalotoa sauti nzito, ni kasha lililopinduliwa, likasimamishiwa fimbo na kufungwa kamba. Mpigaji huvuta fimbo kamba ikakaza, sauti ikapanda. Cherewa ni vifuu vilivyotiwa mbegu. Mzee mmoja anayejua kupiga kidumbak mpeni darasa la watoto wa skuli asubuhi nzima, wakiwa na madebe na vifuu vya sokoni. Naamini darasa hilo litafanya kazi kubwa kuliko hotuba tano za wageni rasmi.

Mfano mkubwa zaidi wa pwani yetu ni Flipflopi, jahazi lililoundwa Lamu kwa takribani tani 10 za taka za plastiki na kufunikwa ndara za rangi rangi, chini ya usimamizi wa fundi Ali Skanda. Mwanzoni mwa 2019 lilisafiri kutoka Lamu hadi Unguja, likisimama njiani kuzungumza na watu. Mafundi wale walitumia ufundi wa jahazi ambao pwani inaujua, wakabadilisha mbao tu. Nanyi mna wasusi wa ukili, wachoraji wa mabango ya maduka na washonaji. Wapeni kazi wanayoijua.

Wachoraji wachore viumbe wa baharini kando ya kila mdomo wa mtaro: changu, pweza, taa. Mama anayemwaga maji ya kuoshea samaki akiona pweza pale, anaelewa mtaro unaishia wapi bila kusomewa sheria. Mabaki ya rangi yarudi kwenye kopo, na brashi zisioshewe mtaroni.

Usafishaji ufanywe na watu wazima waliovaa glavu na viatu vya mpira. Watoto wasiingie mtaroni hata kama ni mkavu, maana kuna vioo, sindano na maji machafu ya vyoo. Zanzibar haijasahau kipindupindu cha 2015 na 2016, kwa hiyo maji ya kunawa na sabuni yawepo, na vyakula viuzwe mbali na pale taka zinapotolewa. Taka zikitolewa zisiachwe ukingoni. Mvua moja huzirudisha zote ndani, na hilo nimeliona likiharibu kazi ya siku nzima katika mitaa zaidi ya mmoja. Gari liwepo siku hiyo hiyo. Kama halipatikani, ahirisheni usafishaji, endeleeni na ngoma.

Mvua kubwa ya kwanza ya masika ikisha kunyesha, watu wawili au watatu kati ya waandaaji wapite mtaroni pamoja na sheha, wapige picha kila palipoziba, na picha hizo zifike Manispaa wiki hiyo hiyo.