Usiwape Bata Mahindi Yaliyoota Ukungu

SWALI: Daktari, nafuga bata saba nyuma ya nyumba hapa Olympic, Kibera. Walikuwa wakinipa mayai manne au matano kila asubuhi. Mvua zilipoanza nilihamia mahindi ya bei nafuu yenye ukungu kidogo, ila nayachemsha kwanza. Sasa naokota yai moja, dogo kuliko la kuku wa kienyeji. Jirani anasema bata hadhuriki na chakula. Nifanye nini? – Mama Bata, Olympic

JIBU: Mama, acha kuwapa mahindi hayo leo. Usingoje gunia liishe.

Hilo la bata kutodhurika na chakula nimelisikia Kibera, nimelisikia Kawangware, na limemaliza bata wengi. Watu wanamwona akichakura mtaroni, basi wanadhani anahimili kila kitu. Kumbe katika ndege tunaofuga, bata ni miongoni mwa wanaoumizwa upesi zaidi na sumukuvu, ile aflatoksini inayotokana na ukungu wa mahindi na karanga. Mwaka 1960 huko Uingereza, bata mzinga zaidi ya 100,000 walikufa kwa kulishwa karanga zenye sumu hiyo, na vifaranga wa bata nao wakafa. Hapa kwetu, mwaka 2004, iliua watu 125, wengi wao Makueni na Kitui. Mahindi waliyokula yalikuwa yamepikwa, Mama. Moto wa jikoni unaua ukungu, sumu inabaki. Kuosha na kuanika juani hakuiondoi. Hata ukiipangusa punje ile rangi ya kijani mpaka ing'ae, sumu imeshaingia ndani.

Inaharibu ini, na ini ndilo linalotengeneza mafuta na protini za kiini cha yai. Ndiyo maana mayai yanapungua na kuwa madogo.

Zipo sababu nyingine, sikatai. Bata anayenyonyoka manyoya husimama kutaga kwa wiki kadhaa, anayeatamia hatagi, na anayeanza kutaga hutoa mayai madogo. Lakini wako walikuwa wakitaga vizuri, wakapungua kwa pamoja ulipobadilisha chakula. Nunua chakula cha kuku wa mayai pale agrovet, hata kama ni gorogoro moja moja, ukiweke pakavu, juu ya mbao, si sakafuni. Beseni la maji liwe na kina cha bata kuzamisha kichwa asafishe pua. Na mayai ya wiki hizi usiwape watoto, kwa sababu sumu hii hupenya hadi kwenye yai.

Kwa jambo moja sitakubembeleza. Bata akizubaa, akikataa kula au akiburuta miguu, mwite afisa wa mifugo siku hiyo hiyo. Msinyweshe ndege maji ya pilipili wala vidonge vya binadamu huku mkisema "tuone kesho". Wala msimchinje mgonjwa mkamla. Nimechoka kuletewa bata wawili waliobaki kati ya kumi, baada ya mwezi mzima wa kubahatisha, wakati ini limeshaharibika na sina dawa ya kulirudisha.

Akifa mmoja, usimtupe mtaroni. Mtie kwenye ndoo yenye mfuniko, usimshike kwa mikono mitupu, umpeleke kabla hajaoza kwenye maabara ya mifugo ya serikali kule Kabete. Beba pia konzi ya mahindi hayo, nayo yapimwe.