Kisukari: Kumeza Dawa au Kujinyima?

Elizabeth Hughes, msichana wa Marekani, aligunduliwa kuwa na kisukari mwaka 1919, akiwa na miaka 11. Baba yake, Charles Evans Hughes, baadaye alikuwa Waziri wa Mambo ya Nje. Fedha na madaktari havikuwa shida. Kilichokosekana ni dawa. Dk. Frederick Allen alimwekea utaratibu mkali wa kula: kila chakula kilipimwa kwenye mizani, na siku nyingine mtoto hakula kabisa. Alitii. Kufikia Agosti 1922, alikuwa na uzito wa kilo 20 hivi.

Mwezi huo alipelekwa Toronto, Kanada, kwa Frederick Banting, mmoja wa waliogundua insulini. Akachomwa sindano, akanenepa, akaja kuolewa na kuzaa. Alifariki mwaka 1981 akiwa na miaka 73, akiwa bado anatumia insulini.

Nani angemwambia Elizabeth aongeze bidii? Katika kisukari cha aina ya kwanza, kongosho haitengenezi tena insulini ya kutosha, na kujinyima hakuirudishi. Jirani anayemshauri mama aache sindano za mwanawe ajaribu majani anahatarisha uhai wa mtoto. Na mtoto anayekunywa maji mno, anayekojoa mara kwa mara na kukonda apimwe sukari siku hiyohiyo.

Aina ya pili ina habari tofauti. Hapa insulini ipo, ila mwili hauitikii vizuri. Nchini Marekani, watafiti waliwafuatilia watu 3,234 ambao sukari yao ilikuwa imepanda bila kufikia kisukari. Matokeo yalichapishwa mwaka 2002. Ikilinganishwa na waliopewa vidonge visivyo na dawa, dawa ya metformini ilipunguza hatari ya kuugua kwa asilimia 31. Kubadili chakula na kufanya mazoezi kuliipunguza kwa asilimia 58, na kwa wenye miaka 60 na zaidi, asilimia 71. Lengo lilikuwa kupunguza asilimia 7 ya uzito na kutembea kwa kasi, au zoezi la namna hiyo, dakika 150 kwa wiki. Kwa mtu wa kilo 80, hizo ni kama kilo tano na nusu.

Wanaopenda kuwalaumu wagonjwa kwa uvivu hunukuu namba hizo na kuacha jambo moja: kila mtu katika kundi la chakula na mazoezi alikuwa na mshauri wake, na alipitia masomo 16. Hakuachwa apambane peke yake. Nyumbani kazi hiyo ni ya familia. Chai ikishatiwa sukari jikoni, mgonjwa atachagua nini? Sukari iletwe mezani, kila mtu ajitilie. Mboga za majani zijaze nusu ya sahani, ugali au wali upungue, na wa kumsindikiza kutembea jioni apatikane.

Aliyekwisha kuanzishiwa dawa asiziache kwa kuwa vipimo vimekuwa vizuri. Huenda ni vizuri kwa sababu anazimeza. Daktari ndiye wa kupunguza dozi. Anayetumia insulini akila kidogo au akifanya mazoezi mengi bila kurekebishiwa dozi, sukari inaweza kushuka mno: atatoka jasho, atatetemeka, atachanganyikiwa. Kama anaweza kumeza, apewe maji ya sukari au soda ya kawaida mara moja. Akipoteza fahamu asitiwe kitu mdomoni; alazwe kwa ubavu na kukimbizwa hospitali.