Kabati la droo kwenye stoo ya shamba: nunua reli kwanza, ndipo fundi akate mbao

Wengi wenu mmeshatoka kwenye enzi ya kuweka mbegu kwenye ndoo na nozeli kwenye kopo la rangi. Mna stoo, mna daftari la mauzo, mna pakiti za mbegu chotara ambazo gramu chache tu zinauma mfukoni. Sasa mnaita fundi seremala awatengenezee kabati lenye droo sita au nane, ili kila kitu kikae mahali pake. Wazo zuri sana. Shida inakuja miezi michache baadaye: droo ya juu imekwama tangu masika yaanze, ya pili uso wake umebaki mkononi, na ya chini panya wameshakula pakiti mbili za mbegu za vitunguu.

Watu hulaumu mbao. Mara nyingi mbao haina kosa. Kosa ni kwamba fundi alitengeneza droo kwanza, halafu ndiyo mkaenda dukani kutafuta reli. Reli ndiyo inayoamua upana wa droo, unene wa ubavu na hata aina ya kiungo. Ukiinunua mwisho, lazima kitu kilazimishwe.

Kwenye maduka yetu ya vifaa vya ujenzi utakuta aina mbili. Ya kwanza ni ile nyeupe ya bati lililopakwa rangi, yenye gurudumu dogo la plastiki mbele na nyuma. Ni rahisi kwa bei na rahisi kufunga. Lakini haitoki yote: karibu robo ya droo inabaki ndani ya kabati, kwa hiyo pakiti za nyuma utazitafuta kwa vidole. Na droo ikiwa nzito, gurudumu lile linalika au linatoka njiani. Kwa stoo ya shamba siipendekezi, labda kwa droo moja ya kalamu na risiti.

Ya pili ni reli ya gololi, vipande viwili au vitatu vya chuma vinavyotelezana juu ya gololi. Ile ya vipande vitatu inatoka yote, unaona mpaka kona ya mwisho. Nyingi zinazouzwa huandikwa kubeba kilo 35 au 45. Elewa vizuri namba hiyo: ni ya jozi nzima, siyo kwa kila reli, na mzigo uwe umesambaa sawasawa. Tufanye hesabu kidogo. Droo yenye nafasi ya ndani ya sentimita 44 kwa 42, kina sentimita 15, ina ujazo wa lita 27 na ushee. Ukiijaza mahindi makavu, ambayo lita moja ina uzito wa kama kilo 0.72, unapata kilo 20. Hapo reli iko salama. Lakini ijaze bolti, koki za chuma na vipuri vya pampu, utazipita kilo 35 kabla haijajaa. Droo ya vyuma iwe fupi kwa kimo, sentimita 8 au 10 inatosha, ili usiijaze kupita kiasi kwa urahisi.

Sasa sikiliza hili kuhusu gololi, maana dukani hawatakuambia. Gololi zimepakwa grisi, na grisi inapenda vumbi. Stoo ya shamba ina vumbi la pumba, la udongo, la magunia. Likichanganyika na grisi linakuwa tope, reli inaanza kukwaruza. Kinga ya kutu iliyopo juu ya chuma hicho nayo ni nyembamba. Ukihifadhi mbolea chumba hichohicho, urea na CAN zinavuta unyevu wa hewa na chumvi zake zinakula chuma. Kwenye banda la kuku ni balaa zaidi, kwa sababu ya ile amonia inayokuwasha macho asubuhi. Ndiyo maana trei za kinyesi chini ya vizimba vya kware na sungura usizifungie reli za gololi hata kama rafiki yako ameziona mtandaoni zinapendeza. Weka fito mbili za mbao ngumu, trei itelezee juu yake, ukiitoa unaosha, basi.

Na hilo linanileta kwenye aina ya tatu, ambayo haiuzwi dukani: reli ya mbao. Kwa droo za mbegu, kumbukumbu na vifaa vyepesi mimi naichagua hii mbele ya zote. Fundi anafunga fito ya mbao ngumu ndani ya kabati kila upande, ubavu wa droo unatembea juu yake. Juu ya droo anaweka fito nyingine, ili ukiivuta isiiname mbele na kumwaga kila kitu. Mninga au mtiki unafaa sana; fundi yeyote ana vipande vilivyobaki kwenye kazi za milango, mwombe hivyohivyo. Paini isitumike kwa fito, ni laini, inachimbika. Sehemu zinazosuguana zipigwe msasa kisha zipakwe mshumaa mkavu. Siyo oili chafu, siyo grisi. Oili inanyonywa na mbao, inakamata vumbi, mwisho inanuka mpaka kwenye mbegu. Mshumaa mmoja unatosha kabati zima, na ukirudia kila mwanzo wa msimu droo itatembea miaka.

Kasoro yake ni kwamba haitoki yote bila kuishika, na droo pana inakwama. Droo ikiwa pana kuliko urefu wake kwenda ndani, ukiivuta kwa kona moja inakaa mshazari na kujibana. Kwa hiyo kwa reli ya mbao tengeneza droo nyembamba na ndefu. Badala ya droo moja ya sentimita 80, weka mbili za 40.

Ukishachagua, ndipo vipimo vinakuja. Tuseme uwazi wa kabati ni milimita 500. Reli ya gololi ya ubavuni inataka karibu milimita 13 kila upande, kwa hiyo upana wa nje wa boksi la droo ni milimita 474. Siyo 470, siyo 480. Ikizidi haiingii, ikipungua sana gololi zinavutwa upande na droo inacheza. Reli ya mbao inataka nafasi ya milimita moja na nusu tu kila upande, yaani boksi la 497. Umeona tofauti? Milimita 23. Droo iliyokatwa kwa mfumo mmoja haiwezi kuhamia mfumo mwingine bila viraka. Urefu wa reli nao huuzwa kwa inchi: 14, 16, 18, 20. Kabati lenye kina cha ndani cha milimita 480 linachukua reli ya inchi 18, ambayo ni kama milimita 450.

Na zile milimita 13 pembeni ndiyo njia ya panya. Panya mdogo anapita kwenye upenyo wa milimita 6 tu. Kwa hiyo ukitumia reli ya gololi, uso wa droo uwe mpana kuliko boksi, ufunike pengo lote na kulala juu ya fremu ya kabati. Nyuma ya kabati pafungwe kabisa kwa plaiwudi, na kati ya droo na droo pawe na ubao, siyo hewa. La sivyo panya akiingia droo ya chini atatembelea zote kama mkaguzi.

Sasa viungo. Fikiria nguvu inapokuja: wewe unavuta uso wa droo kwa mbele, mzigo uliomo unataka kubaki nyuma. Kona mbili za mbele ndizo zinazobeba ugomvi huo kila siku. Mafundi wengi wa haraka huweka uso mbele ya mbavu na kupiga misumari kutoka mbele, ikiingia kwenye vichwa vya mbao za ubavuni. Huo ndio mpangilio mbaya kuliko yote. Kila ukivuta, unavuta msumari kuelekea kulekule ulikoingilia, na kwenye kichwa cha mbao, ambako nyuzi zimekatwa, msumari na hata skrubu haishiki vizuri. Droo iliyobakiza uso mkononi ilijengwa hivyo.

Kubadilisha ni rahisi. Fundi akate ngazi kwenye ncha za ubao wa mbele, yaani apunguze unene wake nyuma ya kila ncha, ili ubavu uingie na kukaa humo. Gundi nyeupe ya mbao, kisha skrubu zipite ubavuni, zikilala kukingama na mvuto wako. Hapo ukivuta, skrubu inakatwa badala ya kung'olewa, na kukata skrubu siyo kazi ndogo. Uso wa kupendeza unaongezwa baadaye, unafungwa kwa skrubu kutoka ndani. Faida nyingine: ukiharibika, unabadilisha uso tu.

Kuna kiungo cha meno yaliyopanuka mwishoni kama mkia wa ndege, yanayoingiliana kwenye kona. Hicho hakitoki hata gundi ikifa, maana umbo lenyewe linakataa. Fundi akikuambia anakiweza, mheshimu. Ila kinachukua muda, na muda wake unaulipa wewe. Mimi ningekilipia kwenye kona za mbele za droo za vyuma tu. Droo za mbegu kiungo cha ngazi kinatosha kabisa.

Kitako kisipigiliwe kwa chini. Mzigo unasukuma chini, msumari nao unaelekea chini, vitaachana. Achimbe mfereji wa kina cha milimita 6 ndani ya mbavu na ubao wa mbele, sentimita moja juu ya ukingo wa chini, plaiwudi ya milimita 6 iteleze humo kutoka nyuma. Kwa droo za vyuma iwe ya milimita 9.

Kuhusu mbao zenyewe nitasema machache. Paini ya Sao Hill inafaa kwa mbavu na migongo kama imekauka. Mbao mbichi ikikauka inasinyaa kwa upana wake, karibu haibadiliki kwa urefu, na wakati wa mvua inarudi kuvimba. Kanuni ya kawaida ni mwaka mmoja wa kuanika kivulini kwa kila inchi ya unene. Kama huna subira hiyo, tumia plaiwudi ya milimita 12 au 15 kwa boksi lote, haivimbi kwa upana kama ubao mzima. Kama ni ubao mzima, droo yenye kimo cha sentimita 20 iachiwe milimita 3 juu ili masika yasiikwamishe. Chipibodi na MDF achana nazo: zikilowa zinavimba kama mkate, na skrubu kwenye ukingo wake haikai. Kataa pia paini ya kijani iliyotiwa dawa ya nguzo, hata kama umebakiwa na vipande vya uzio. Dawa ile ina shaba, inaharakisha kutu ya reli, na hutaki ikae karibu na mbegu wala chakula cha mifugo.

Ambacho hakiingii kwenye kabati hili ni viuatilifu. Mbao inanyonya kikimwagika na huwezi kuiosha ikatakata. Halafu mtoto anajua kuvuta droo kabla hajajua kusoma. Viuatilifu vikae kwenye kabati lao la chuma lenye kufuli, chumba kingine. Chanjo za kuku nazo si za droo, ni za friji, nyuzi joto 2 hadi 8.

Kabla hujamlipa fundi nusu iliyobaki, nenda na futi yako. Pima kila boksi la droo kona kwa kona, mshazari wa kwanza na wa pili. Zikitofautiana zaidi ya milimita 2 boksi limepinda, na hakuna reli itakayolinyoosha. Chungulia urefu wa skrubu za reli zisije zikatokeza ndani na kutoboa pakiti zako. Vuta droo kwa kidole kimoja katikati, kisha kwa kona ya kulia, kisha ya kushoto. Halafu weka mahindi kilo 20 kwenye droo moja, ivute mpaka mwisho wake na uiache wazi hivyo usiku kucha; ya reli ya mbao iache robo iwe ndani. Asubuhi angalia kona za mbele kama zimefunguka na kitako kama kimeshuka. Fundi mzuri hatakasirika ukifanya hivyo mbele yake, atakushikia hata gunia.