Kompaila Imekubali, Linka Imekataa

Swali: Programu yangu ya C inatafuta kipeuo cha pili cha namba anayoingiza mtumiaji. Nimeweka `#include <math.h>`, lakini nikiandika `gcc hesabu.c -o hesabu` kwenye Ubuntu napata ujumbe "undefined reference to `sqrt'". Nimekosea wapi?

Jibu: Msimbo wako ni sahihi, kilichokosekana ni maktaba. Tazama mstari wa mwisho wa ujumbe huo: unaitaja `ld`, yaani linka, kwa hiyo kompaila ilikwisha kumaliza kazi yake. Faili la `math.h` hutangaza tu kwamba `sqrt` ipo, inapokea nini na inarudisha nini. Mwili wa fanksheni hiyo umo katika maktaba ya libm, ambayo gcc haiungi yenyewe kwenye programu za C. Andika `gcc hesabu.c -o hesabu -lm`.

Huenda ukapinga kwamba `sqrt(16.0)` hukubali bila `-lm`. Ni kweli, kwa kuwa gcc hukokotoa jibu la namba isiyobadilika wakati wa kukompaili, pasibaki cha kuunganisha. Au utasema uliitanguliza `-lm` ikashindikana. Linka husoma kutoka kushoto kwenda kulia, na Ubuntu huiagiza iache maktaba ambayo bado haijahitajiwa. Ndiyo maana maktaba hufuata faili linaloihitaji. Basi usifute msimbo wala kusakinisha kompaila upya. Soma jina lililotajwa, kisha tafuta faili au maktaba yenye mwili wake.