Somo: Kharaji na Mifereji ya Iraki

Ama baada ya kumhimidi Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume wake, twasema: wako watu wadhanio kuwa kodi ni mali iliyopotea, mtu huitoa mkononi mwake asiione tena. Katika somo hili twataka kuonyesha njia ipitayo mali hiyo itumiwapo kwa haki.

Ilipofunguliwa nchi ya Sawadi huko Iraki, inyweshwayo na mito ya Dijla na Furati, baadhi ya wapiganaji walitaka wagawiwe ardhi yake. Sayyidna Umar (R.A.) akakataa. Akawaachia wenyeji mashamba yao, akawawekea kharaji, yaani kodi ya ardhi. Kwani ikigawanywa yote, watakaokuja baadaye watapata nini, na mipaka italindwa kwa mali gani?

Yapata miaka 150 baadaye, Kadhi Mkuu Abu Yusuf, aliyefariki Baghdad mwaka 182 wa Hijra (798), alimwandikia Khalifa Harun Rashid kitabu juu ya kharaji. Humo alibainisha nani alipie nini:

Kwanza, kingo za mito mikubwa: gharama yote ni juu ya Baitulmali, kwa kuwa manufaa yake ni ya watu wote.

Pili, mifereji mikubwa itokayo katika mito hiyo: Baitulmali na walipa kharaji hushirikiana.

Tatu, vijito apitishavyo mtu kuingia shambani mwake: gharama ni yake mwenyewe.

Tena alionya kuwa kharaji isichanganywe na zaka, kwani zaka ina watu wake waliotajwa na Mwenyezi Mungu. Na kuwa mlipaji asipigwe wala asisimamishwe juani.

Tazama, ewe ndugu: maji huotesha mazao, mazao hutoa kharaji, na kharaji huyatengenezea maji njia yake. Kikikatika kimoja, vyote huharibika. Mwaka 326 wa Hijra (937–938), Ibn Raiq, aliyekuwa na amri Baghdad, aliubomoa mfereji wa Nahrawani ili kumzuia hasimu wake Bajkam. Mashamba yakaharibika, na shamba lisilo maji halitoi kodi.

Basi kodi ni amana ya pande mbili. Impasaye kuitoa asiifiche. Na aliyekabidhiwa aonyeshe daraja, kisima na barabara aliyoijenga. Na raia aliyetoa ana haki ya kuuliza: mali yetu imepita mfereji gani?

Wallahu aalam.