Gofu: Mwili Kwanza, Fimbo Baadaye

Najua nikitaja gofu wengine wenu mtafunua ukurasa unaofuata haraka. Ati huo ni mchezo wa mabwana wenye magari makubwa! Sikatai kwamba uliletwa na walowezi. Klabu ya gofu ya Nairobi ilianzishwa mwaka wa 1906, na kwa miaka mingi Mwafrika aliingia humo kubeba mkoba wa mtu mwingine. Lakini katika wabebaji hao hao, yaani makedi, ndimo walimotoka wachezaji kadha wa kulipwa wa Kenya. Mkufunzi anayetufunza mimi na wenzangu sita wakati wa likizo naye alianza hivyo. Somo hili ni lake. Mimi nimeliandika tu, na kuchomeka maneno yangu hapa na pale.

Kwanza tuelewane. Kile kifaa kirefu cha kupigia nakiita fimbo. Kila pigo ni mkwaju, kama wasemavyo watangazaji wetu. Ile sehemu ya nyasi fupi laini lilipo shimo, wachezaji huiita grini, nami sina neno bora. Aliye nalo alilete chamani tulijadili.

Sasa jambo lenyewe. Huko Scotland mchezo huu ulikokulia kuna majira ya baridi. Siku hufupika, ardhi hulowa, na wachezaji wengi huweka fimbo kando kwa miezi kadha. Wakufunzi werevu huutumia muda huo kuitengeneza miili yao. Sisi tuko karibu na Ikweta, gofu huchezwa mwaka mzima, na mvua ya masika kati ya Machi na Mei hutuharibia siku chache tu. Kwa hivyo watu hudhani Kenya haina msimu wa gofu. Labda watu wazima hawana, lakini mwanafunzi anao. Msimu wake ni likizo, Aprili, Agosti na Desemba, wakati anapopata nafasi ya kucheza. Na majira yake ya baridi ni muhula.

Mwaka jana mwenzetu mmoja, mpigaji hodari kutuzidi sote, alikaa muhula mzima bila mazoezi yoyote. Kutoka bwenini hadi darasani, kutoka darasani hadi mezani, basi. Shule ilipofungwa alikimbilia uwanjani, na siku ya kwanza akapiga mipira karibu mia mbili. Siku ya tatu hakuweza kuinama afunge kamba za viatu. Alikosa mashindano ya vijana aliyoyangojea tangu Januari, na kwa kuwa alikuwa Kidato cha Nne, hakupata mengine akiwa mwanafunzi. Nilimwona siku hiyo amekaa kando ya grini na kinoti cha majina mkononi, akitusahihishia alama. Hakusema neno.

Kwani mpira mdogo hivyo unaumizaje mtu? Mpira wa gofu hauzidi gramu 46. Ila hebu fikirini jinsi unavyopigwa. Kutoka juu ya bega hadi kwenye mpira, fimbo hushuka kwa takriban robo ya sekunde. Kichwa cha fimbo ndefu ya mchezaji wa kulipwa hupita kilomita 170 kwa saa. Nguvu hiyo haitoki mikononi, jameni. Huanzia nyayoni, ikapanda miguuni, nyonga zikageuka kwanza, kiwiliwili kikafuata, kisha mabega, mikono, na mwisho fimbo. Nyonga zikiwa ngumu kama mlango wenye kutu, mgongo wa chini hulazimika kugeuka badala yake, nao haukuumbwa kugeuka sana. Hapo ndipo maumivu huingia, na mgongo wa chini ndiyo sehemu inayowasumbua wacheza gofu kuliko nyingine.

Wale mliowahi kuadhibiwa kufyeka nyasi mtanielewa upesi. Anayefyeka kwa mkono peke yake huchoka kabla ya kumaliza mita kumi. Anayejipinda kiuno na kuhamisha uzito kutoka mguu mmoja hadi mwingine, slasha humwimbia hadi kengele ya jioni. (Sitataja majina ya wanaofyeka vizuri, walimu wanawajua.)

Wala msidhani kipaji humwokoa mtu. Severiano Ballesteros wa Uhispania alijifunza utotoni kwa fimbo moja tu kwenye mchanga wa ufukoni. Mwaka wa 1978 alishinda Kenya Open hapa kwetu, na mwaka uliofuata akashinda The Open kule Uingereza. Lakini mgongo ulimtesa miaka mingi, na ushindi wake wa mwisho katika ziara ya Ulaya ulikuwa mwaka wa 1995, akiwa na miaka 38. Gary Player wa Afrika Kusini alichukua njia nyingine. Enzi hizo wengi waliamini kunyanyua vyuma huharibu pigo. Yeye aliwapuuza, akanyanyua, na akashinda mashindano makuu tisa.

Haya, mazoezi. Hakuna hata moja linalotaka fimbo ya gofu. Tafuta mti wa ufagio, uulaze mabegani nyuma ya shingo, uushike kwa mikono miwili. Simama miguu ikiachana kwa upana wa mabega, magoti yalegee kidogo. Inama kwa kusukuma makalio nyuma, kama mtu anayefunga mlango kwa makalio kwa sababu mikono yake imejaa sahani. Mgongo unyooke. Hapa ndipo wengi hushindwa. Huinama kama anayeokota shilingi. Ukishakaa sawa, geuka kulia polepole hadi ncha ya kushoto ya mti ielekee pale mpira ungekuwa, kisha geuka kushoto. Mara kumi kila upande, bila pupa. Mkufunzi wetu alitufanyisha hili siku nne mfululizo kabla ya kutuonyesha mpira, tukanung'unika sana.

La pili ni la sisi tunaoshinda madawatini. Kukaa sana hukaza misuli ya mbele ya nyonga. Piga goti la kulia chini, mguu wa kushoto uwe mbele, sukuma nyonga mbele taratibu hadi uhisi paja la kulia likivutika juu mbele. Hesabu hadi thelathini, kisha badilisha. Halafu jilaze kifudifudi, jiinue kwa viwiko na vidole vya miguu, mwili unyooke kama ubao. Ukianza kutetemeka, hesabu kumi zaidi.

Jerikani nayo ni mwalimu mzuri. Ijaze lita kumi, ibebe kwa mkono mmoja kutoka bombani hadi bwenini bila kuinamia upande wowote, kisha rudi nayo kwa mkono wa pili. Usiku ukipiga mswaki, simama kwa mguu mmoja. Hayo mara tatu kwa wiki yatosha. Siku nyingine tembea. Mashimo 18 ni kilomita nane au zaidi kwa miguu, saa nne hivi juani, na aliyechoka shimo la kumi na nne huanza kupiga kwa mikono peke yake. Uwanja wetu wa riadha una mita 400, kwa hivyo raundi ishirini ni kama mchezo mmoja. Usianze na ishirini.

Likizo ikifika, siku ya kwanza usiiguse fimbo ndefu. Tembea dakika kumi, zungusha mikono, geuza nyonga, kisha piga mipira thelathini kwa fimbo fupi na uende nyumbani. Kule kujinyoosha kwa kushikilia muda mrefu kuweke baada ya mchezo, maana kabla yake hupunguza nguvu za msuli. Kesho yake pumzika. Ongeza mipira kidogo kidogo, na fimbo ndefu ingoje wiki ya pili. Msuli uliochoka huuma kwa uzito wa kawaida na kuisha baada ya siku mbili tatu. Maumivu makali kama sindano, au yanayoshuka mguuni, ni habari nyingine. Acha kucheza siku hiyo hiyo na umwone daktari.

Tunafanya mazoezi haya kila Jumatano saa kumi jioni nyuma ya maabara. Wasichana ni wanne, wavulana watatu. Yeyote anaweza kuja, ila miti ya ufagio imebaki miwili tu, na mmoja ni wa bweni letu.